Kioo Kilichogeuka Rangi ya Chai

Lois Wakesho alipoacha kazi ya ualimu wa serikali ili afungue chuo cha kupiga chapa mjini Voi, watu walisema amerukwa na akili, kisha wakaenda kumtembelea. Binadamu ndivyo alivyo: akishakusema, lazima aje aone kama alikuwa amesema kweli. Walikuta chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu la Bwana Zephaniah, mashine za kuchapa zimepangwa juu ya madawati, na mbele kabisa, kwenye meza yenye kitambaa cha kufumwa kwa mkono, kompyuta.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nane, na kwa watu wengi wa Voi kompyuta ilikuwa kitu cha kusikia kwa wenzao. Tena hii haikuwa ya herufi za kijani kwenye kioo cheusi. Hii skrini yake ilikuwa ya rangi. Lois aliinunua kutoka kwa mtaalamu mmoja wa mawe ya vito aliyehangaika huko upande wa Kasigau mpaka akachoka, akafunga virago kurudi kwao. Ukiiwasha ilinguruma kidogo, halafu kioo kizima kikawa buluu, buluu safi isiyo na doa, na juu yake maandishi meupe na mstari wa manjano. Lois alipoiona mara ya kwanza alijisahau, akasimama mdomo wazi mbele ya mtu mgeni.

Mtaalamu yule alimwachia onyo moja. Kioo cha skrini, alisema, kisiguswe kwa kitambaa wala maji, maana ndani yake mna umeme wa kuangusha fahali. Lois ni mwalimu, na mwalimu akipewa sheria anaibandika ukutani. Akaandika kwa herufi kubwa USIGUSE KIOO, na hata yeye mwenyewe akawa anapangusa vumbi kwa manyoya ya jogoo tu, tena kwa mbali, kama anayempepea mgonjwa. Mbele ya kioo kulikuwa na wavu mwembamba mweusi wa kukinga macho, na huo nao ukaingia kwenye sheria.

Aliyekasirishwa na mambo haya yote alikuwa mtu mmoja, na kwa bahati mbaya ndiye mtu ambaye Lois hakuweza kumpuuza: mama yake, Mama Mkamburi wa Werugha. Huyu ndiye aliyeteremsha kabeji mgongoni kutoka milimani mpaka soko la Mwatate, msimu baada ya msimu, ili Lois aende chuo cha ualimu. Aliposikia kwamba mtoto ameandika barua ya kuacha kazi, aliuliza swali moja tu.

"Umeacha watoto wa watu, ukakae na sanduku?"

"Mama, si sanduku. Ndiyo kazi ya kesho."

"Na ya leo nani atafanya?"

Walinuniana. Wote wawili ni watu wa kununa kwa utaratibu: hakuna kelele, hakuna matusi, ni majibu mafupi na vikombe vinavyowekwa mezani kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyohitajika. Josphat, mume wa Lois, karani wa mizigo pale stesheni ya reli, alisema kwamba angeona afadhali wapigane, wamalize.

Chuo kilipokaribia kufunguliwa, Mama Mkamburi alituma neno kwamba atashuka ili atase. Kwa Wadawida, watu wa milima ya Taita, kutasa si jambo dogo. Mtu aliye na kinyongo na mwenzake, hasa mzazi kwa mtoto, hukaa nacho moyoni, na kinyongo hicho hata kisiposemwa huharibu mambo: ng'ombe hukauka maziwa, mtoto hukohoa, biashara hulala. Basi mwenye hasira huchukua funda la mbangara, ile pombe ya miwa, au maji, akalipuliza nje kwa mdomo na kuitoa hasira yake pamoja nalo, akisema mambo yawe mema. Wazee wa Lois walitasa, na wazee wao walitasa.

Lois akamjibu kwa mdomo wa yule yule aliyeleta neno: mchungaji atakuja kuomba, inatosha; mambo ya kutema pombe mbele ya wageni yaachwe huko mlimani. Alipomaliza kusema alijua amesema vibaya, lakini neno lilikwisha kwenda.

Mama Mkamburi alikuja hivyo hivyo, siku moja kabla ya ufunguzi, na kikapu chake begani. Alikula wali kidogo. Akaomba akae peke yake kwenye kile chumba chenye mashine, apumzishe miguu. Lois alikuwa amekwenda kugombana na fundi wa mabenchi, na aliporudi alimkuta mama yake amekwisha jifunga leso, yuko mlangoni.

"Nimeiona," alisema Mama Mkamburi.

"Umeionaje, Mama?"

"Nimeiona tu."

Akaenda zake. Neno zuri hakusema, na Lois alilisubiri mpaka mgongo wa mama yake ulipopotea nyuma ya maduka.

Kesho yake mchungaji aliomba, wageni wakanywa soda, skrini ikawashwa. Buluu ikaja, lakini ndani yake mlikuwa na vijidoa vidogo vidogo vinavyometameta, chekundu hapa, kijani pale, kama shanga zilizomwagika. Wageni wakashangilia. Mchungaji akasema hata mapambo waliyaweka, ama kweli wazungu wana akili. Lois alitabasamu pamoja nao, lakini jana yake vijidoa hivyo havikuwepo.

Kuanzia hapo rangi zikaanza kupoteza heshima. Ilikuwa kiangazi kikali, upepo ukiinua ule udongo mwekundu wa Voi na kuuingiza kila mahali, kwenye sukari, kwenye nywele, kwenye mashati ya Josphat ambayo yalikwisha sahau kwamba yalinunuliwa meupe. Maandishi meupe yakawa rangi ya maziwa yaliyochacha, kisha rangi ya chai ya maziwa, kisha chai kavu. Manjano ikawa kutu. Na ile buluu, ile ambayo kwa ajili yake Lois aliacha pensheni ya serikali, ikawa maji ya dimbwi lililokanyagwa na ng'ombe.

Aliitwa Noah, fundi wa redio na televisheni, kijana mpole mwenye bisibisi sikioni. Noah hakuwa amewahi kufungua kompyuta, na alisema hivyo waziwazi, jambo lililomfanya Lois amwamini zaidi.

"Mwalimu, tuanze na waya," alisema. "Mara nyingi rangi ikipotea ni waya."

Alichomoa waya unaounganisha kompyuta na skrini, akavikagua vile vijipini vyake kimoja kimoja, akapuliza, akarudisha. Chai ikabaki chai. Akazungusha vitufe vya nyuma, cha mwanga, cha kina cha rangi. Dimbwi likang'aa, likazama, likang'aa tena, likiwa dimbwi lile lile. Akapima umeme wa ukutani, akakuta uko sawa. Akauliza nyuma ya ule ukuta kuna nini.

"Ni duka la kanda za muziki."

"Lina spika kubwa?"

"Si unaisikia?"

Noah akaeleza kwamba spika ina sumaku, na sumaku ni adui wa rangi, huivuta huku na huku mpaka uso wa mtu uwe wa kijani. Wakaihamisha meza mpaka ukuta wa pili, wasichana wote wa chuo wakibeba kwa hofu kama waliobeba jeneza la chifu. Wakaizima, wakaiacha ipoe, wakaiwasha. Ikanguruma vizuri kabisa na kuleta chai.

Mwisho Noah alibeba televisheni ndogo ya rangi kutoka karakana yake, akaiunga kwenye kompyuta mahali pa skrini. Buluu ikatoka. Buluu safi! Wasichana walipiga makofi, na Lois akageuka dirishani ili wasimwone usoni.

"Basi kompyuta ni nzima," alisema Noah. "Mgonjwa ni skrini. Na ndani ya skrini, Mwalimu, mimi sitii mkono. Hii ipelekwe Nairobi."

Nani wa kuipeleka Nairobi, na akirudi nayo imevunjika? Chuo kikaendelea na chai yake. Wasichana walichapa hivyo hivyo wakifinya macho. Wakawa wameipa hata jina la Chai. Wakitaka zamu ya kompyuta walisema wanakwenda kunywa.

Bwana Zephaniah, mwenye duka la mbegu, alikuwa mtu wa Wundanyi, Mdawida kama Lois, na mwenye kupenda kujua. Siku moja alisimama mlangoni mwa Lois akisafisha koo.

"Mwalimu, nimesikia hicho kitu kinakataa."

"Ni matatizo ya kiufundi, Bwana Zephaniah."

"Sawa, sawa." Akatazama viatu vyake. "Na mzazi huko juu, mko sawa na yeye?"

Lois alicheka kile kicheko cha watu waliosoma, akamwambia skrini haina habari na wazazi. Zephaniah akacheka pia, akaondoka, lakini swali lake halikuondoka. Lilimfuata Lois jikoni. Lilikaa naye akichambua mchele. Yeye alisomea sayansi, alifundisha watoto kwamba radi haina mguu wala mkono, na bado alijikuta akihesabu: mama amekuja, mama hakusema neno, kesho yake vijidoa. Mama bado ana hasira na mimi, aliwaza, na hasira yake iko pale kwenye kioo, inazidi kila wiki, na watoto wa watu wanaitazama.

"Si uende mzungumze?" alisema Josphat.

"Nimekwenda, Baba Dominic."

"Umekwenda kupeleka sukari. Kuzungumza hujakwenda."

Kweli. Alikuwa amepanda Werugha mara mbili na sukari na majani ya chai, akaviweka mezani na kusema ana haraka, wasichana wanamngoja. Mama yake alimwekea kiti, na kiti kikabaki kitupu. Mama yake akauliza hicho kitu kinaendeleaje, naye akajibu, "Vizuri sana, Mama," kwa sauti ya mtu anayemjibu mkaguzi wa shule. Akashuka mlima akiwa amekasirika kwamba hajaombwa msamaha, na pia kwamba hajaomba.

Mvua za vuli zilipoingia, sisimizi nao wakaingia ndani. Voi mvua ya kwanza haiji peke yake. Asubuhi moja Lois alifungua chumba mapema, akaona mstari mweusi umepanda kwenye mguu wa meza, umepita juu ya kitambaa chake cha kufuma, umeingia chini ya kifuniko alichokuwa akiivalisha skrini kila jioni. Akakivuta kifuniko huku akipiga kelele za kimya. Sisimizi walikuwa wamejaa kwenye ule wavu mweusi, wametulia, wanashughulika. Hawakuwa wakipita, walikuwa wakila.

Wakila nini? Lois ni mwanamke wa jikoni kama mwingine yeyote. Anajua sisimizi hawapandi meza kwa sababu ya vumbi. Akafungua pazia. Mwanga wa asubuhi uliingia kwa ubavu, na kwa mara ya kwanza tangu ufunguzi akakitazama kioo chenyewe badala ya kuzitazama rangi zake. Kilikuwa kimefunikwa na utando mwekundu ulioganda, na chini ya utando huo kulikuwa na matone, mamia ya matone yaliyokauka, yamesongamana katikati na kutawanyika kuelekea pembeni. Hakuna kikombe kinachomwagika hivyo. Kilichofanya hivyo ni mdomo.

Akaiangalia ile karatasi ya USIGUSE KIOO. Halafu akanyoosha kidole, akagusa. Umeme haukumwangusha. Kidole kilinata. Akakitia mdomoni, na baada ya ladha ya udongo ikaja nyingine, tamu na chachu, ladha ya mbangara, ladha ya nyumbani.

Alikaa chini pale pale sakafuni. Ladha ile alikuwa ameionja kwenye midomo yake mwenyewe, siku alipokuwa akienda chuo cha ualimu, mama yake alipompulizia usoni na kumwambia nenda, uwe mzima, usiogope. Na yeye, msichana mjinga mwenye gauni jipya, alikwenda nyuma ya nyumba akajipangusa kwa upindo wa gauni kabla basi halijafika.

Kumbe mama alitasa. Aliambiwa asitase, akaibeba mbangara ndani ya kikapu, akaomba kupumzisha miguu, akaitoa hasira yake peke yake mbele ya sanduku asilolipenda. Utamu ule ndio uliolishika vumbi la Voi, chembe kwa chembe, mpaka buluu ikawa chai. Miezi yote hii Lois alikuwa akiitazama baraka na kuiita laana. Alilia, kisha akakumbuka mchungaji akisifia mapambo, akacheka, na Josphat alipopita kumletea funguo za kabati alizosahau alimkuta katikati ya hayo mawili.

"Mama Dominic! Umepigwa na umeme?"

Alimweleza. Josphat, mtu wa vitendo, alikwenda kutafuta kitambaa na maji ya uvuguvugu. Lois akamzuia mlangoni.

"Usifute."

"Si umejua sasa ni nini?"

"Ndiyo maana usifute."

Sisimizi tu ndio waliofukuzwa, kwa manyoya ya jogoo. Wasichana walipofika wakaambiwa leo ni mashine za kawaida, na Lois akapanda Werugha bila sukari, bila majani ya chai, mikono mitupu.

Mama Mkamburi alikuwa shambani, ameinama kati ya kabeji, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani. Alimwona binti yake akija mbio mbio kwenye mtelezo na viatu vya mjini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ulitasa."

Mama Mkamburi aliunyoosha mgongo polepole. Uso wake ukawa wa mtoto aliyekamatwa na kijiko cha asali.

"Mchungaji ameona?"

"Ameona. Alisema ni mapambo."

Mama Mkamburi alishika kiuno, akacheka mpaka akakohoa, na Lois akacheka naye. Wote wawili hawakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini. Kisha Lois akamweleza habari ya rangi, vijidoa, vumbi, sumaku, televisheni ya Noah, na jinsi alivyoamini siku zote hizo kwamba mama yake bado amemkasirikia. Akamwambia kwamba hawezi kukifuta kile kioo. Afadhali wasichana wachape kwenye chai maisha yao yote.

"Acha ujinga," alisema mama yake. "Hasira yangu ilitoka siku ile ile. Nilipotoka mlangoni kwako nilikuwa mwepesi, nilishuka mpaka stendi kama msichana. Kilichobaki pale kwenye kioo chako ni mate ya mzee na pombe. Utaweka mate yangu kama picha?"

"Basi mbona hukuniambia?"

"Ulinikataza. Ningekuambiaje?" Akachuma jani bovu la kabeji, akalitupa. "Tena nikangoja. Nilisema, mimi nimetoa yangu, naye ataleta yake. Ukaja na sukari. Ukaja tena na sukari. Kiti changu hukikalii, chai yangu hunywi. Lois, nyumba yangu imejaa sukari."

Lois akafungua mdomo ili aseme kwamba yeye hana hasira yoyote, yeye ni mtu wa kanisa, yeye alikuwa na haraka tu. Kilichokuja ni lile swali la siku zile, na ya leo nani atafanya, na namna lilivyomchoma, kwamba kati ya watu wote waliomwona amerukwa na akili, huyu hakupaswa kuwa mmoja wao. Alikuwa amelibeba swali hilo kila siku, likawa zito, naye akaliita haraka.

"Uliniumiza, Mama," alisema.

"Najua. Na wewe uliniumiza."

Pale kwenye mstari wa kabeji palikuwa na kopo la maji ya kunywa. Mama Mkamburi aliliokota, akapangusa mdomo wa kopo kwa leso, akampa. Lois alitazama juu na chini, kama mchungaji angeweza kutokea ndani ya ukungu, kisha akajaza maji mdomoni, akayashikilia kidogo mpaka mashavu yakauma, akayapuliza yote nje. Hakuwa na ufundi. Nusu iliangukia kabeji, nusu ikamwangukia mama yake kifuani.

Mama Mkamburi hakujipangusa.

"Haya," alisema, akimshika mkono kuelekea nyumbani. "Njoo ukae, unywe chai. Halafu uende ukafute hicho kioo, watoto wa watu waone rangi."